Kadi ya Kamera Namba Saba

Siku mliyoniaga nikistaafu pale ofisini, mmoja wenu alisimama na soda mkononi akasema kwamba miaka yote aliyofanya kazi nami hajawahi kuniona nikimwonea mtu wivu. Mkapiga makofi. Mke wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu na kitenge chake kipya, alikohoa. Nimeishi naye muda mrefu, najua kikohozi cha mafua na najua kile kingine.

Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, hasa hizi kadi za kamera na namna ya kuzisoma kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa sababu bado mnapoteza picha. Nitaandika. Ila nikiandika habari za kadi nikaacha habari za wivu, nitakuwa nimewaandikia nusu tu, tena nusu iliyo rahisi.

Nilianza kabla ya kamera. Nilikuwa mlinzi wa msitu wa kijiji huko Ugalla, na vifaa vyangu vilikuwa daftari la kurasa mia, kalamu mbili na Mzee Kasonso. Huyu alikuwa mrina asali, mwenye mizinga kila upande wa msitu, na ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha nyayo. Siku ya kwanza alinionyesha alama kwenye tope akaniuliza ni nani kapita. Nikainama, nikapima kwa kiganja kama msomi, nikasema, "Pofu dume, mzee."

"Huyo ni ng'ombe wa Wasukuma, mwanangu," akasema. "Na mwenyewe kapita hapo na baiskeli. Tairi hulioni?"

Nilitembea nyuma yake misimu mingi. Alinifundisha kutovaa nguo ya buluu kwa ajili ya mbung'o, kusimama upepo unapogeuka, na kutogusa mzinga wa mtu hata ukiuona umeanguka. Alikufa kabla hajaona kamera hata moja. Nadhani angezidharau, kwa kuwa hazinusi.

Kisha ukaja mradi, na mradi ukaja na Bi Upendo. Alikuwa dada mwembamba aliyesoma Morogoro, anatembea haraka kuliko sisi na hachoki. Alileta masanduku ya kamera za kijani, kila moja ukubwa wa nusu tofali. Unaifunga kwenye mti usawa wa goti, unaondoka. Chochote chenye joto kikipita mbele, inapiga. Baada ya wiki sita unarudi, unatoa kadi iliyojaa, unaweka tupu. Hayo mnayajua. Msilolijua ni kwamba wakati huo ofisi ilikuwa chumba kimoja cha kupanga kinachovuja, kwa hiyo kompyuta ililetwa nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Makanyagio. Nilikuwa na umeme, nilikuwa na mlango wenye kitasa kizima, na nilikuwa na mke asiyechezea vitu vya watu. Mama Shukuru aliishonea kitambaa cha kudarizi chenye maua mekundu. Majirani wakadhani nimefungua duka la nyimbo. Kwa mwezi mzima walikuja na kadi za simu zao wakitaka niwajazie Bongo Fleva.

Kadi rida yenyewe, kile kisomeo cha kadi kinachochomekwa kwenye kompyuta, ilikuwa kitu cheusi, chepesi, kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Niliidharau mpaka Bi Upendo aliponiambia kuwa kila kitu tunachofanya porini kinapita kwenye hayo matundu mawili. Tundu pana ni la kadi kubwa. Kile kikadi kidogo kama ukucha kina tundu lake, au kinavalishwa ganda lake kwanza ndipo kiingie kwenye lile kubwa. Usisukume kwa nguvu, ikikataa, umeigeuza. Kadi ikiwa na vumbi, futa yale meno yake ya shaba taratibu kwa kifutio cha penseli, cheupe na kikavu. Usiipulize. Mimi nilikuwa napuliza, kama wengi wenu mnavyopuliza, na mate ya binadamu yana chumvi.

Halafu ufuate utaratibu. Nakili picha zote kwenye folda ya kamera hiyo. Hesabu: idadi kwenye kadi na idadi kwenye kompyuta zilingane. Iambie kompyuta kwamba unataka kuitoa kadi, usubiri ikubali, ndipo uchomoe. Ukichomoa tu kama unachomoa mwiba, siku moja utairudisha kadi na kompyuta itakuuliza kama unataka kuifomati, yaani kufuta kila kilichomo. Hapo usibonyeze chochote. Inyang'anye mikono yako kazi, ikae mapajani, kisha mwite anayejua. Na kufomati kufanyike ndani ya kamera, si nyumbani, baada ya picha kukaa mahali pawili. Mimi mwenyewe nilivunja sheria hii ya mwisho mara moja, kwa makusudi, na ndiyo inayonifanya niandike.

Bi Upendo aliajiri mtu wa pili, Lubinza. Baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Usukuma, wakapita Tabora, wakakaa, wakahama, mpaka wakafika pembeni ya msitu wetu. Watu kijijini waliguna. Walisema ni kumpa fisi kazi ya kulinda bucha. Mimi sikuguna, niliwaacha wengine wagune kwa niaba yangu. Kamera zilikuwa ishirini. Tukagawana kwa namba: shufwa zangu, witiri zake. Kila kadi ilirudi kwenye bahasha ya kaki, juu yake namba ya kamera na jina la aliyeifunga. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa kwangu, kadi zake pia nilizisoma mimi.

Sijui kama mnaelewa adhabu iliyokuwamo humo. Kadi zangu zilikuwa na majani. Jani likipata jua likitikiswa na upepo, kamera inapiga, kwa hiyo nilikuwa na majani elfu, na magoti yangu mwenyewe siku ya kufunga na siku ya kufungua, na mara moja mgongo wa mrina asali akijisaidia. Kisha nafungua bahasha ya Lubinza. Korongo watano, wale swala wakubwa, wamesimama kama wamepangwa na mpiga picha wa harusi. Chui akinywa maji. Nyegere na mtoto wake. Na mimi ndiye wa kuzinakili, kuzihesabu na kuziandikia majina, moja moja, kwa kidole changu.

Niliona wivu. Sitatafuta neno laini. Nilianza kuonea wivu picha zake, nikahamia kwenye miguu yake, maana alitembea na katambuga za tairi siku nzima na hakupata hata lengelenge. Nikamwonea wivu kwa sababu mbung'o hawakumsumbua. Nikamwonea wivu kwa namna Bi Upendo alivyosema "Lubinza", ingawa alilisema kama alivyosema majina yetu sote.

Yeye alikuwa anakuja na pikipiki, anaweka bahasha mezani, anakaa na kikombe cha chai, anauliza, "Kuna kitu, kaka?"

"Vipo vipo," najibu, nikiwa nimefunika kioo kwa bega langu.

Siku moja nilimuuliza anafanyaje. Alinijibu bila kuficha. "Siendi panapopendeza, kaka. Nakaa kwanza. Siku moja, siku mbili. Naangalia wanyama wanapita wapi wakiwa hawana haraka." Niliitikia kwa kichwa, nikaenda kuzifunga zangu palepale panapopendeza, kwa sababu kufuata ushauri wake kungekuwa kukubali kwamba ananizidi.

Wivu unakula hata kazi. Kadi kubwa ina kikufuli kidogo ubavuni; kikishuka, kadi inasomeka lakini haiandikiki. Msimu mmoja nilitoka nyumbani nimenuna, nikapachika kadi bila kutazama vikufuli. Tatu zilikuwa zimefungwa. Wiki sita, kamera tatu, hakuna hata jani. Nilimwambia Bi Upendo kwamba nyani wameziharibu. Akaandika kwenye ripoti, na nyani hawakuwa na mtu wa kuwatetea.

Sasa nieleze shida ya Lubinza, maana bila hiyo mtaona nilichofanya ni kitu kidogo. Alikuwa ameomba kijijini apewe mahali pa kujenga na kulima. Alikuwa na mke na watoto wanne, na wawili walikuwa wanalala kwa mjomba wao ili wawe karibu na shule. Wazee walikaa mara mbili wakaahirisha mara mbili. Walisema leo nyumba moja, kesho ng'ombe mia. Aliniambia akiwa na kikombe chake cha chai, palepale kwenye kiti kilicho karibu na kompyuta, "Kaka, nataka tu mtu akiniuliza kwenu wapi, nisinyooshe mkono mbali." Mimi ni Mkonongo wa hapohapo, sijawahi kuulizwa swali hilo. Nilimwambia wazee watafikiria.

Wiki iliyofuata akaleta bahasha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Mama Shukuru anafuta vumbi sebuleni. Niliipuliza kadi ya namba saba, nikaiingiza, picha zikaanza kujipanga. Nilikuwa nimeinama natafuta kalamu.

"Baba Shukuru," akasema nyuma yangu, "huyo si kakakuona?"

Alikuwa kakakuona. Alfajiri, mwanga wa kijivu, kichuguu kirefu chenye mpasuko, na yeye amesimama kwa miguu ya nyuma, magamba yote yanaonekana, mikono ameikunja kifuani kama mzee anayesubiri kukaribishwa. Chini ya picha kulikuwa na ule mstari mweusi wenye namba ya kamera. Saba.

Nyie wa siku hizi mnamjua kwa ajili ya majangili. Kwetu kakakuona ni jambo jingine. Akionekana, analetwa mbele ya wazee, anawekewa jembe, maji na nafaka, na atakachokiendea ndicho mwaka utakachokuwa. Na aliyemwona kwanza anaheshimiwa, kwa kuwa mnyama yule hajitokezi kwa mtu ambaye nchi haimjui. Anapewa kaniki na jogoo, na tangu siku hiyo hakuna anayemuuliza katoka wapi.

Nilijua hayo yote nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nilijua kwamba picha ile ikifika kijijini na jina la Lubinza, wazee watampa mahali kabla jua halijazama. Na nilijua kitu kingine: nimetembea msitu wa baba zangu tangu ujana, nyuma ya Mzee Kasonso na baada yake, na sijawahi kumwona kakakuona hata mkia. Huyu kaja juzi na fimbo ya ng'ombe.

Mama Shukuru alipoenda jikoni nikaikata ile picha kutoka folda ya saba nikaibandika kwenye ya nane. Nikaipunguza upande wa chini, ule mstari mweusi ukatoka. Kisha nikaifomati kadi palepale, ndani ya kadi rida. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Aliporudi alitazama bahasha, akatazama kioo. "Hiyo bahasha imeandikwa Lubinza."

"Aliyemwona kwanza ni mimi," nikasema. "Mila ndivyo inavyosema. Aliyemwona kwanza."

"Aliyemwona kwanza ni mimi, Baba Shukuru. Wewe ulikuwa unatafuta kalamu."

Akachukua kitambaa chake akaendelea kufuta vumbi.

Bi Upendo alifurahi karibu alie. Akaichapisha picha kubwa, tukaenda nayo kijijini, watu wakajaa kwenye darasa la shule. Wazee waliiweka juu ya dawati na kweli waliizungushia jembe, kopo la maji na mahindi, wakabishana kakakuona wa karatasi ametazama wapi. Wakakubaliana ametazama maji. Ndipo mzee mkubwa akanigeukia.

"Umemwonea wapi, mwanetu?"

"Kwenye kamera yangu, mzee."

Picha ikapitishwa mkono kwa mkono. Lubinza alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango. Ilipomfikia aliishika muda mrefu kuliko wengine. Nilimtazama mikono, si uso. Kisha akaipitisha kwa aliyekuwa jirani yake, na walipopiga makofi naye akapiga. Nilivikwa kaniki. Nikapewa jogoo mweupe.

Mama Shukuru alikataa kumchinja. Alisema, "Huyo jogoo ana mwenyewe," akamlisha mpaka akafa kwa uzee, na kila alfajiri alikuwa anawika chini ya dirisha langu.

Wazee wakakaa mara ya tatu juu ya ombi la Lubinza. Walisema eneo limejaa. Mvua zilipokatika aliaga, akapakia mabati na watoto, akaelekea Majimoto. Alikuja nyumbani kunikabidhi kamera zake. Alipanga bahasha zake mezani kwa namba, akanielekeza kila kamera ilipofungwa, mti gani, kona gani. Alipofika namba saba alisema, "Hii iko kwenye kichuguu. Kichuguu unakijua." Nikasema nakijua. Sikuwa nimewahi kukiona kwa macho yangu.

Kwa hiyo kamera zote ishirini zikawa zangu, na mwaka uliofuata nikasifiwa sana. Zile witiri ziliendelea kuleta chui na korongo, kwa kuwa sikuthubutu kuzihamisha hata hatua moja. Zangu ziliendelea kuleta majani. Bi Upendo alihamishwa, wakaja wengine, ofisi ikapata jengo, mkaja nyie. Mkaniita mwalimu. Nimewafundisha yote ninayoyajua, na mengine niliyowafundisha ni ya Lubinza: kukaa kwanza, siku moja, siku mbili. Hamkuniuliza niliyatoa wapi, nami sikusema.

Mwezi mmoja baada ya kuniaga nilipanda basi mpaka Majimoto. Sikumwambia mke wangu ninakokwenda, lakini alinifungia karanga za njiani na kuniambia nimsalimie. Nilipoulizia stendi nikitaja jina tu, bodaboda wa kwanza alinijibu, "Mzee Lubinza wa mpunga? Panda." Safari nzima nilikuwa naona uchungu kwamba hakuuliza Lubinza yupi.

Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai. Ana mvi sasa. Nyumba ya tofali za kuchoma, watoto wakubwa, majirani wanapita wanamwamkia kwa jina la baba yake. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima, na mkewe akaleta wali na kuku, na paja likawekwa upande wangu. Nilishindwa kulila mpaka niseme. Nikasema yote: folda, mstari mweusi, kufomati.

Alisikiliza huku anachambua mawe kwenye mpunga uliokuwa kiganjani.

"Nilikitambua kichuguu," akasema. "Nilikaa nacho siku mbili kabla ya kufunga. Ule mpasuko naujua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, kaka? Mgeni asimame mbele ya wazee awaambie, kakakuona wa msitu wenu kaja kwangu, na huyu mtoto wenu ni mwongo? Wangeniuliza ushahidi. Ushahidi ulikuwa kwenye kadi, na kadi ulikuwa nayo wewe."

Nikamwambia anisamehe. Akatupa jiwe moja pembeni.

"Wakati ule sikukusamehe," akasema. "Nilihama tu. Watu wanachanganya hivyo vitu viwili. Sasa ni mzee, sijui kama nimekusamehe au nimechoka. Kula, chakula kinapoa."

Nilikula. Niwaambie ukweli, vijana: nilikuwa nimekwenda kutubu, na bado nilimaliza lile paja nikiwa naona wivu. Nilimwonea wivu nyumba, nikamwonea wivu zile salamu, nikamwonea wivu hata kwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa na mimi ndiye niliyekosa. Wakati wa kuondoka aliniuliza swali moja.

"Ile picha bado ipo?"

"Ipo. Iko ukutani ofisini."

"Chini wameandika nani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, akanisindikiza mpaka barabarani. Hakuniomba kitu.

Niliporudi nilikwenda kwanza kwa wazee. Aliyenivika kaniki alishafariki. Waliobaki walinisikiliza kwa adabu, wakasema mambo hayo ni ya zamani, mwaka ule mvua zilinyesha vizuri, na mtu mwenyewe kashapata kwake. Mmoja alisema nimezeeka, nipumzike. Wameamua kutoniamini, na siwezi kuwalaumu, maana niliwafundisha mwenyewe kuniamini.

Mmebaki nyie. Fungueni folda namba nane. Kuna picha moja iliyokatwa chini, haina mstari mweusi kama nyingine zote; mtaiona mara moja. Ikateni, ibandikeni kwenye namba saba, na mnakili mahali pawili. Kisha mteremshe ile ya ukutani, mwandike chini yake: Kamera namba saba, imefungwa na Lubinza.

Nilitaka kuja kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Nimekuja mara mbili, na mara zote mbili mlikuwa porini. Ufunguo mliniachia. Nilisimama mbele ya ile picha nikasoma jina langu, likaonekana zuri pale chini, nikafunga mlango nikarudi nyumbani. Ifanyeni nyie, na msiniite nije kutazama.